Maji Twahara Si Lazima Yawe Maji Salama

 

Tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofikishwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 2020, yapo maswali mawili ambayo hayakosi kuulizwa misikitini baada ya darsa. La kwanza huulizwa kwa sauti ya kusikika: je, maji ya bomba yenye harufu ya dawa yanafaa kutawadhia? La pili huulizwa kwa kunong'ona: je, ni kweli kwamba dawa hiyo imetiwa ili kizazi chetu kipungue? Lipo na swali la tatu, nalo haliulizwi kabisa, ingawa kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote mawili: yale maji ya kisima cha msikiti, yasiyo na harufu wala ladha, tunayoyasifu kuwa matamu na baridi, ni nani aliyewahi kuyapima?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo matatu, na kumalizia kwa kueleza wajibu ambao tumeupuuza sisi wenyewe, Waislamu, kabla ya kumlaumu mwingine yeyote.

MJI NA NJIA YA MAJI

Wazee wetu wa Unyanyembe waliijua thamani ya maji. Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, kila aliyekuja mji huu kutoka Bagamoyo alikuja kwa miguu, na safari yake yote ilipangwa kwa kufuata visima. Misafara ya pembe za ndovu, na kwa aibu ya historia misafara ya watumwa pia, haikuhesabu umbali kwa maili, bali ilihesabu siku kutoka maji hadi maji. Kulikuwa na pori la Marenga Mkali, kabla ya kuingia Ugogo, lililopata jina hilo kwa sababu maji yake machache yalikuwa makali kwa chumvi. Kulikuwa na Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, pori la kiu ambalo wapagazi walilivuka kwa hofu. Ndani ya Ugogo wenyewe, watemi waliomiliki visima walitoza hongo, na msafara usiolipa haukupata maji ya kunywa.

Burton na Speke walipofika hapa Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta Waarabu kutoka Oman na Waswahili wa pwani wamekwishajenga matembe na kupanda bustani. Mji ulikuwa kituo cha mapumziko: hapa njia iligawanyika, moja ikaenda magharibi hadi Ujiji kwa kupitia Uvinza, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Watu walipumzika miezi, wakaswali, wakaoa, wakafundisha. Kwa njia hiyohiyo ndipo dini yetu tukufu ilipopenya bara.

Lakini njia iliyoleta dini na biashara ilileta na maradhi. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja katika zama hizo, aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1876 kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika ya Mashariki. Alionyesha kwamba mlipuko wa 1869 na 1870 uliofika Unguja ulitembea na watu, ukifuata njia za misafara kutoka bara hadi pwani. Ugonjwa ulipiga kambi pale misafara ilipopiga kambi, kwa sababu kambi zote zilikuwa kando ya maji, na maji hayohayo yalinywewa, yaliogewa na kuchafuliwa na mamia ya watu waliopita. Mpagazi aliyekunywa maji hayo huenda aliyaona safi kabisa. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

VIPIMO VIWILI VISICHANGANYWE

Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i (Allah amrehemu). Tangu madrasa tumefundishwa kwamba maji yaliyofikia qullatain, yaani kadiri ya lita mia mbili hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hiki ni kipimo sahihi cha twahara, na ni rehema kwa umma, kwani kimeondoa uzito na wasiwasi katika ibada. Hatuna neno nacho.

Kosa letu ni kukichukua kipimo hiki cha udhu na kukifanya kipimo cha unywaji. Maji yanaweza kuwa mengi kuliko qullatain mara mia, yakawa meupe, bila ladha na bila harufu, na udhu wake ukawa sahihi bila shaka yoyote, na huku kikombe kimoja cha maji hayo kimebeba vimelea vya kipindupindu au homa ya matumbo vya kutosha kumlaza mtu kitandani. Vimelea havionekani kwa jicho. Floraidi haina rangi. Nitreti haina harufu. Macho, pua na ulimi ni mashahidi wanaotosha katika mlango wa twahara, lakini katika mlango wa afya ushahidi wao haukamiliki.

Sheria yenyewe haikuiacha afya pembeni. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Ametahadharisha na kitendo cha kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na vivulini, na akakitaja kuwa miongoni mwa mambo yanayoleta laana. Ameamrisha vyombo vifunikwe na viriba vifungwe usiku. Ameelekeza kwamba anayeamka usingizini asitumbukize mkono wake chomboni kabla ya kuuosha mara tatu, kwa kuwa hajui mkono ulilala wapi. Amekataza kupulizia ndani ya chombo cha kunywea. Ukiyakusanya mafunzo haya utaona kwamba mengi yake yanahusu hatari isiyoonekana, na kwamba Muislamu ameamrishwa kuchukua hadhari hata pale macho yasipoona uchafu.

Sasa tulijibu swali la kwanza. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa kwa kiasi kidogo, yakabakia na harufu hafifu, bado yanaitwa maji kwa kila mtu, na hakuna ayaitaye kwa jina jingine. Fiqhi yetu inafahamisha kwamba badiliko dogo la kitu twahara halivui jina la maji, na wala haliondoi uwezo wake wa kutwaharisha. Basi tawadheni wala msiwe na wasiwasi.

MAJI NDANI YA MWILI

Allah (s.w.) ametufahamisha katika Suratul Anbiyaa, aya ya 30, kwamba kila kilicho hai amekijaalia kutokana na maji. Wataalamu wa mwili wanaeleza kwamba karibu asilimia 60 ya uzito wa mwanamume mzima ni maji, kwa mwanamke ni pungufu kidogo, na kwa mtoto mchanga hufikia asilimia 75. Damu huchukua chakula na hewa kwa maji. Jasho huupoza mwili kwa maji. Figo mbili, kila moja kiasi cha ngumi, huchuja takriban lita 180 kwa siku, kisha hurudisha karibu zote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu za mkojo zilizobeba taka.

Kwa hiyo chochote kilichoyeyuka katika maji huingia katika mzunguko huu. Kingine huusaidia mwili, kingine hupita tu na kutoka, na kingine hujificha mifupani kwa miaka. Hapo ndipo tunapopaswa kupambanua, badala ya kuvihukumu vyote kwa neno moja la "kemikali". Chumvi ya mezani ni kemikali. Kinachotofautisha dawa na sumu aghalabu ni kiasi.

Tazama kipindupindu. Kimelea chake hakiuli kwa kuula mwili. Hutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja, akafa ndani ya siku ileile. Tiba yake ya kwanza ni kurudisha kilichotoka: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi na salama. Sukari hiyo si kwa ajili ya utamu. Ukuta wa utumbo hupokea chumvi kwa urahisi inapofuatana na sukari, na maji huzifuata. Kila mama katika jamaa zetu aijue hesabu hii kama anavyoijua idadi ya rakaa, na ampeleke mgonjwa hospitali bila kuchelewa.

DAWA YA MAJI: UKWELI NA UVUMI

Maji yanayotoka ziwani huchukuliwa Ihelele, mkoani Mwanza. Mtambo huo ulianza kuihudumia miji ya Shinyanga na Kahama mwaka 2009, na baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga, Uyui na Tabora. Kabla ya hapo mji wetu uliyategemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Iwe ni maji ya ziwa au ya bwawa, hatua za kuyasafisha hazitofautiani sana.

Kwanza, maji yenye tope hutiwa shabu. Shabu huzifanya chembe ndogo za udongo zishikamane, ziwe nzito na kuzama. Mama zetu vijijini wamefanya jambo linalofanana na hilo kwa mbegu za mlonge zilizotwangwa. Mtambo unapoendeshwa vizuri, shabu karibu yote huzama pamoja na tope. Waliowahi kudhuriwa na mabaki ya madini yake ni hasa wagonjwa wa figo waliosafishwa damu kwa mashine katika miaka ya 1970, kabla ya hospitali kuyachuja zaidi maji ya mashine hizo.

Kisha hutiwa klorini. Hii huvunja ngozi ya kimelea na kuharibu viungo vyake vya ndani. Mji wa Jersey City nchini Marekani ulianza kuitumia kwa mfululizo mwaka 1908, na leo mamilioni ya watu, Waislamu na wasio Waislamu, wanakunywa maji yaliyotiwa klorini. Kiasi kinachokusudiwa kubakia bombani ni kama nusu miligramu kwa lita moja. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 5 kwa lita. Mtu anapoinywa kwa kiasi hicho, mate na vitu vilivyomo tumboni huimaliza nguvu upesi, na kinachobakia ni kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida iliyomo katika damu ya kila mwanadamu. Haina njia ya kufika kwenye kizazi na kukikata.

Hatutaki kuficha upande wa pili, kwani anayesema nusu ya kweli hajatoa nasaha. Klorini inapokutana na maji yenye majani yaliyooza na takataka za mimea, huzaa viambata vingine, kikiwamo kloroformu kwa kiasi kidogo sana. Uchunguzi wa miaka mingi umeleta shaka kwamba kunywa viambata hivyo kwa miongo, kwa kiwango kikubwa, huenda kukaongeza kidogo hatari ya saratani ya kibofu. Dawa ya tatizo hili ni kuyachuja maji vizuri kabla ya kutia klorini. Kuiacha klorini si dawa, kwa kuwa kipindupindu huua kwa saa na shaka hii ni ya miongo. Kanuni ya sheria inajulikana: madhara mawili yakikutana, hubebwa lililo dogo ili kuliepuka lililo kubwa.

Na uvumi unapoachwa ukue, hufika wapi? Tutazame jirani zetu wa kusini. Katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ambako pwani yake ina Waislamu wengi, watu waliambizana kwamba wahudumu wanaotia klorini visimani ndio wanaotia kipindupindu. Kwa Kireno majina ya vitu hivyo viwili yanakaribiana kwa matamshi, na hilo lilizidisha mkanganyiko. Mwaka 2009 watu waliokuja na dawa ya kuokoa maisha walishambuliwa, na wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wakauawa. Visima vikabaki bila dawa na ugonjwa ukaendelea.

Tusijione tuko mbali na hayo. Watu wale hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walikuwa maskini, waliodharauliwa kwa muda mrefu, wasioelezwa jambo lolote na wakubwa wao, basi wakamfikiria vibaya kila aliyekuja. Nasi tunazo sababu zetu za kihistoria za kutowaamini wenye mamlaka, na si haki kumcheka muumini mwenye shaka. Lakini shaka ya muumini ina utaratibu wake. Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuithibitishe habari kabla ya kuitendea, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga na kisha tukajuta. Mwenye shaka na maji aombe yapimwe, na majibu yasomwe mbele ya watu. Kuinong'oneza shaka hiyo barazani bila ya kutaka ithibitishwe ni kukiacha kile tulichoamrishwa.

YASIYONUSIKA

Tumekuwa wepesi wa kuogopa dawa inayonusika, na tumelala usingizi mbele ya vitu visivyonusika. Vitatu tunavitaja.

Cha kwanza ni nitreti. Msikiti mwingi wa mjini una kisima na una vyoo vya shimo, na kiwanja ni kidogo. Kinyesi kinapooza ardhini hutoa nitreti, ambayo huyeyuka na kusafiri na maji ya chini hadi kisimani. Kwa mtu mzima madhara yake si ya haraka. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, damu yake hushindwa kubeba hewa, na ngozi yake huwa ya samawati. Ukomo uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Tena, nitreti ikionekana nyingi kisimani, mara nyingi ni dalili kwamba choo na kisima vimekwisha kufahamiana chini kwa chini, na vimelea navyo huenda viko njiani.

Cha pili ni floraidi. Hii haitokani na mwanadamu bali na miamba, hasa ile iliyozaliwa na volkano za Bonde la Ufa. Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga inajulikana kwa tatizo hili. Kidogo chake huimarisha meno. Ikipita miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia. Ikiwa nyingi zaidi na kwa miaka mingi, hujijenga mifupani, na mgongo na viungo hukakamaa. Kwa sababu nchi yetu ilikuwa na uhaba wa maji, kwa miaka mingi iliruhusu kiwango cha muda cha miligramu 8, kisha 4, na viwango vya taifa vya mwaka 2018 vikashuka hadi 1.5. Hapa pana tahadhari kubwa: kuchemsha maji huua vimelea, lakini hakuondoi floraidi wala nitreti. Kinyume chake, maji yanapopungua sufuriani, vitu hivyo huzidi ukali. Kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha kimekuwa kikichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Muislamu atakayetumia mkaa huo ahakikishe mifupa ni ya mnyama halali aliyechinjwa kisheria, ajitoe katika ikhtilafu.

Cha tatu kiko mikononi mwetu wenyewe. Mkoa huu ni wa tumbaku, na Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui wanaishi kwa zao hilo. Hatutaiingia leo hukumu ya tumbaku yenyewe, tumekwisha kuitolea nasaha mara nyingi. Tunasema juu ya dumu. Dumu lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu shambani husuuzwa, hupelekwa kisimani na kugeuzwa chombo cha maji ya kunywa. Plastiki hufyonza sumu hiyo, na kusuuza hakuitoi yote. Baadhi ya viuatilifu huzuia kile kinachotuliza mishipa ya fahamu, na aliyedhurika hutokwa na mate mengi, mboni za macho humsinyaa, misuli humtetemeka na pumzi humbana. Dumu la namna hiyo litobolewe lisitumike tena. Asiuziwe mtu, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipiza madhara, na anayemuuzia mwenziwe chombo cha sumu huku akijua ameingia katika katazo hilo.

CHUMVI YA UVINZA, MAGADI NA KOMBE

Katika njia ileile ya misafara, magharibi yetu, ziko chemchemi za chumvi za Uvinza ambazo watu wamezichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wapagazi waliibeba chumvi hiyo pande zote. Tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria ya nchi imetaka chumvi ya kula itiwe madini joto, na huu ni mfano mzuri wa kitu kinachoongezwa kwa manufaa. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, kiasi kisichoonekana kwa jicho. Akikikosa, shingo huvimba rovu, na mama mjamzito akikikosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Chumvi iwekwe ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, kwani madini hayo hupotea.

Magadi ni kinyume chake. Tumezoea kuyatia katika maharage yalainike upesi na kuni zisiishe. Magadi ya baadhi ya sehemu yana floraidi nyingi, na uchunguzi uliofanyika kaskazini mwa Tanzania umeonyesha kwamba yanachangia kuharibika kwa meno ya watoto hata pale ambapo maji hayana tatizo. Kuyaloweka maharage usiku kucha kunatosha.

Ama kombe, hatuna nafasi hapa ya kuurudia mjadala wake wa kidini, na msimamo wetu unajulikana: Qur'ani imeteremshwa isomwe, izingatiwe na ifuatwe. Tunaongeza jambo moja la afya. Zamani waliofanya jambo hilo waliandika kwa zafarani. Anayeandika leo kwa wino wa kalamu au rangi ya dukani isiyokuwa ya chakula, kisha akaisuuza kwa maji yasiyochemshwa na kumnywesha mgonjwa mwenye homa, anamnywesha vitu viwili asivyovijua. Ugonjwa una waganga wake hospitali, na dua haihitaji wino.

WAJIBU TULIOUPUUZA

Sasa tunarudi kwenye swali la tatu. Visima vingi vya misikiti yetu vimechimbwa kwa sadaka za ndugu zetu wa Ghuba na za Waislamu wa hapa nyumbani. Allah awalipe kheri. Sahaba Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina na kukifanya waqfu, watu wakanywa bila ya kutozwa, na kila anayechimba kisima leo anataraji fungu katika kheri ya namna hiyo. Lakini nenda ukatazame ukutani mwa kisima. Utaona kibao cha marumaru chenye jina la mfadhili na mwaka wa kuchimbwa. Majibu ya maabara huyaoni. Picha hupigwa siku ya ufunguzi, video hupelekwa kwa mfadhili, na tangu siku hiyo hakuna anayeuliza kama maji hayo ni dawa au ni maradhi. Kwa waqfu unaonyweshwa majirani wote, wakiwamo watoto wa madrasa, uzembe huu si mdogo. Sadaka inayoendelea huendelea na thawabu zake, nasi tuogope isije nayo ikaendelea na madhara tuliyokuwa na uwezo wa kuyazuia.

Watasema baadhi ya ndugu: kisima ni baraka, tumtegemee Allah. Tunawajibu kwa mfano wa maji yenye baraka kuliko yote juu ya ardhi. Maji ya Zamzam hupimwa, huchujwa na kupitishwa katika mionzi ya kuua vimelea kabla ya kugawiwa mahujaji, na mtambo mkubwa wa kazi hiyo ulifunguliwa Makka mwaka 2010. Ikiwa wenye dhamana ya Zamzam hawaoni kwamba kupima ni upungufu wa imani, sisi wa kisima cha nyuma ya choo tuna hoja gani?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano kwa kila kamati ya msikiti, kuanzia hapa mjini hadi Nzega, Igunga, Urambo na vijiji vyote vya njia ya zamani.

Mosi, kisima kipimwe vimelea, nitreti na floraidi katika maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji, na vimelea virudiwe kupimwa angalau kila baada ya masika. Gharama ichangwe Ijumaa moja. Haifikii gharama ya zulia.

Pili, majibu yabandikwe ukutani kando ya kibao cha mfadhili, yawe mazuri au mabaya. Maji yatakayoonekana hayafai kunywewa yaandikwe wazi kwamba ni ya udhu na usafi tu, kwani twahara yake haijaondoka.

Tatu, choo kipya kisichimbwe karibu na kisima. Umbali unaotajwa aghalabu ni mita 30, na choo kiwe upande wa bondeni. Pasipo na nafasi hiyo, vuteni bomba.

Nne, maji ya kunywa yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, yaachwe nusu saa kabla ya kunywewa, na kama yana tope yachujwe kwanza. Chombo kiwe na kifuniko na koki, na ule mtindo wa kikombe kimoja kuchovywa na kila mkono uishe.

Tano, tunawataka wenye mamlaka ya maji, mjini na vijijini, watoe hadharani vipimo vya maji wanayotuuzia, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na wavibandike katika ofisi za mitaa na katika vioski vya maji. Wananchi wanaolipia maji wana haki ya kujua wanachokunywa. Ukimya wa ofisi ndio unaolisha uvumi wa barazani, na ukimya huo ukiondoka, nusu ya kazi ya maimamu katika jambo hili itakuwa imekwisha.

Maimamu nao wana sehemu yao. Khutba moja kabla ya mvua, inayowafundisha watu hesabu ya sukari na chumvi na kuwatoa hofu ya dawa ya maji, inaweza kuokoa nafsi, na aliyeiokoa nafsi moja tunajua amefananishwa na nani katika Suratul Maida, aya ya 32.

Wapagazi wa Mgunda Mkali walikunywa walichokikuta, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kujua kilichomo. Sisi tunayo njia, ipo mjini, na bei yake tunaimudu. Siku tutakapoulizwa juu ya neema tulizopewa, maji ni miongoni mwazo, na hatutaweza kusema kwamba hatukujua.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa, ayatengeneze maji yetu na miili yetu, na azikubali sadaka za waliotutangulia na waliochimba visima kwa ajili yake. Wabillahi tawfiq.